Ng'ombe Ndani ya Diski

Sehemu ya Tisa

"Usizime, baba. Bado haijaisha."

Hapo ndipo tulipomwacha Milembe juma lililopita, na hapo hapo ndipo tunamkuta. Amesimama katikati ya sebule ya mkwewe pale Kasoli, kitenge cheusi cha ujane kiunoni, rimoti mkononi. Rimoti yenyewe ameipokonya. Mkono wa Mzee Mayala bado uko hewani, vidole vimejikunja kama vinashika kitu.

Mkamwana kumpokonya baba mkwe! Wapo wanawake waliorudishwa kwao kwa kosa la kupita mbele ya mkwe bila kuinama.

"Mmeona?" Mayala alisema polepole, akiwageukia wazee. "Mmeona wenyewe? Huyu ndiye anataka aachiwe damu ya mwanangu ailee. Leo rimoti, kesho panga."

"Mdomo kama mashine ya kuchambulia pamba," mama mkwe, Monika, alidakia kutoka mlango wa jikoni. "Inanguruma kutwa, nyuzi huzioni."

Wazee walicheka. Milembe hakucheka wala hakulia. Machozi yake aliyamaliza kwenye kaburi la mumewe, Kija, lile pale uani, ambalo saruji yake ilikuwa bado haijapauka.

Kikao kilikuwa na swali moja tu. Elia, mtoto pekee wa marehemu Kija, ni wa nani?

Kwa mila za huku swali hilo halijibiwi kwa machozi. Linajibiwa kwa ng'ombe. Ng'ombe wa mahari wakifika kwa wazazi wa binti, watoto ni wa ukoo wa baba. Wasipofika, watoto ni wa ukoo wa mama, na baba abaki na kofia yake.

Ndiyo maana Mayala alikuwa ameiwasha ile mashine nyeusi chini ya televisheni, mashine ya kurekodi aliyoinunua Kija enzi za uhai wake. Ilirekodi vipindi vya televisheni, ilirekodi na kamera ya getini. Mayala aliwaonesha wazee picha safi kabisa: kundi la ng'ombe likitoka getini asubuhi ya mahari, vumbi, vigelegele, vijana wakielekea Migato, kwao Milembe, wakiimba,

"Fungua zizi, Migato, ugeni huo waja,
binti mmoja atoka, pembe mia zaja!"

Na mbele ya kundi, nzagamba mweusi, dume la mbegu, pembe yake ya kushoto imepinda hadi karibu na jicho. Nani asiyemjua nzagamba yule? Watoto wa Kasoli walimchora kwenye kuta.

"Ng'ombe walitoka," Mayala alikuwa amesema, akainua rimoti ili azime. "Mtoto ni wangu. Mama yake afunge virago."

Hapo ndipo Milembe aliporuka.

"Dada." Aliyesema sasa alikuwa Mboje, kaka yake Milembe, aliyekuja kutoka Migato kuwakilisha ukoo kwa sababu baba yao alikuwa mzee wa kitandani. Alikuwa ameketi karibu na mlango, kofia ya pikipiki mapajani. "Dada, rudisha rimoti. Achana na mitambo ya watu."

"Kaka, unatokwa jasho."

"Joto."

"Feni iko juu ya kichwa chako."

Mzee Erasmus, katekista mstaafu aliyekuwa mshenga wa ndoa ile na leo ndiye msimamizi wa kikao, alilamba mchuzi wa nyama kidoleni. Mayala alikuwa amemchinjia mbuzi. "Mwacheni aoneshe," alisema. "Mbuzi bado yupo jikoni, na sisi hatuna haraka."

"Aoneshe nini?" Mayala alicheka. "Mzee mwenzangu, mimi nina mashine kama hii ghalani kwa ajili ya wezi wa pamba. Siku mpya inaila siku ya zamani. Kilichobaki ni hicho kipande tu, Kija alikihifadhi kwa ukumbusho wa harusi. Hizo siku nyingine zimeshaliwa."

"Ya ghalani ndiyo inakula, baba," Milembe alisema. "Hii haili."

Tabasamu la Mayala lilibaki mahali pake, lakini macho yalihama.

Kija alikuwa mgonjwa wa mpira. Hakutaka kufuta hata mechi moja. Akaenda Mwanza, akarudi na diski kubwa hata fundi akamwuliza kama anafungua kituo cha televisheni. Terabaiti juu ya terabaiti! Aliiweka ndani ya ile mashine akasema imekuwa zizi lisilojaa. Tamthilia zote za mama yake zilimo. Mechi zote zilimo. Na kamera ya getini, ambayo hakuna aliyeikumbuka, ilikuwa ikijaza humo kila siku iliyopita tangu nyumba ile iwekewe geti.

Na Milembe alijuaje? Sikia hili, ndipo umjue mwanamke huyu.

Tangu azikwe Kija, kila Monika alipokwenda sokoni, Milembe aliingia sebuleni kwa kunyata, akawasha mashine, akamtazama mumewe akirudi nyumbani. Siku baada ya siku. Kija akiingia getini na mkate. Kija akiingia na tope la Migato miguuni. Kija akiingia, anainua uso kuitazama kamera, anaikonyeza, kwa sababu alijua mkewe yuko ndani anatazama. Alirudi nyuma hivyo, siku hadi siku, hadi akafika mwaka wa mahari.

Alikuwa akimtafuta mume. Akakuta ng'ombe.

Alibonyeza. Tarehe zilipita kwenye kioo kama kurasa zinazopeperushwa na upepo. Akasimamisha.

"Hiyo ni jioni," alisema. "Jioni ya siku ile ile ya mahari. Waimbaji wamelewa, wamelala. Tazameni geti."

Geti kwenye kioo lilikuwa limefungwa. Kuku mmoja alipita. Kisha likafunguliwa, na vumbi likaingia kwanza, na nyuma ya vumbi zikaingia pembe.

Nzagamba mweusi. Pembe ya kushoto imepinda hadi karibu na jicho.

Nyuma yake kundi lote.

Nyuma ya kundi, fimbo begani, Mboje.

Mfupa ulianguka kutoka mkononi mwa Mzee Erasmus.

"Huyo... huyo si mimi," Mboje alisema.

"Nyamaza, kaka. Kamera ile ina na masikio."

Milembe aliongeza sauti. Sauti ya Mayala ilijaza sebule, sauti ya Mayala wa jioni ile, yenye furaha ya mtu aliyekula akashiba.

"Watie zizini upesi. Umemwambia nini baba yako?"

"Nimemwambia nimewalaza kwa jamaa zetu Lalago," ilijibu sauti ya Mboje. "Huku kila mtu analaza ng'ombe kwa mwenzake. Hatauliza."

"Vizuri. Ng'ombe hawa nimewakuza mwenyewe, siwezi kuwapeleka Migato wakanywe matope. Watu wamewaona wakitoka. Inatosha."

"Na mimi, mzee?"

"Pikipiki yako hiyo hapo. Nyekundu, kama ulivyotaka."

Kwenye kioo Mboje alipanda pikipiki, akaipiga teke, akatoka getini akicheka na upepo. Milembe alisimamisha picha hapo hapo. Kicheko cha kaka yake kikabaki kimeganda, meno yote nje.

Mboje wa sebuleni alikuwa ameificha kofia nyuma ya kiti.

"Miaka yote hii," Milembe alisema. "Miaka yote hii nakuuliza, kaka, ng'ombe wetu wa Lalago wanaendeleaje? Unaniambia, wamezaa. Unaniambia, nzagamba tu ndiye kanunuliwa tena na mzee, mmoja kafa kwa ndigana. Baba kalala kitandani anahesabu ndama ambao hawapo! Umeniuza kwa pikipiki, Mboje?"

"Ilikuwa mpya," Mboje alisema.

Mzee mmoja alishindwa kujizuia, akacheka hadi akakohoa. Cheko la mtu mwingine linachoma kuliko pilipili.

Mzee Erasmus alijifuta midomo. Alimtazama Mayala, akatazama kioo, akatazama mfupa sakafuni. "Mayala, mimi ndiye niliyekuwa mshenga. Niliwasindikiza ng'ombe wale hadi Migato, nikala ugali wa watu, nikalala huko. Kumbe wameturudia mgongoni?" Alikohoa. "Neno ni moja. Mahari haikukaa. Mtoto si wa ukoo huu. Mtoto ni wa upande wa mama."

Milembe alisikia maneno hayo kama mvua ya kwanza juu ya bati.

Alikimbia hadi kwenye kona alipoketi Elia akichezea maganda ya pamba, akamnyanyua, akambana kifuani hadi mtoto akalalamika. "Tunaenda, mwanangu," alimnong'oneza. "Tunaenda zetu."

Umefurahi, msomaji? Futa furaha hiyo. Mimi sikuletei juma hili chungu cha asali.

"Mlete," alisema Mboje.

Alikuwa amesimama. Jasho lilikuwa limemkauka. Mikono yake miwili ilikuwa imenyooshwa mbele.

"Nimlete wapi?"

"Si umesikia? Mtoto ni wa upande wa mama. Upande wa mama ni nani? Ni baba yetu, na baba akilala kitandani ni mimi. Elia ni wa kwetu. Anakuja Migato leo hii, nampakia mbele ya pikipiki. Mchungaji wangu amekimbilia machimboni, mbuzi wananila akili."

"Elia hajafika hata umri wa shule!"

"Fimbo haiulizi umri."

"Mimi ndiye mama yake, Mboje!"

"Na nani kakukataa umama? Utakuja kumsalimia Pasaka." Akawageukia wazee, mtu aliyeuza dada yake kwa pikipiki, akasema kwa heshima zote: "Wazee, nakosea mila?"

Mzee Erasmus alitazama dari. "Hukosei, kijana. Mahari isipotoka, mtoto ni wa mjomba. Ndiyo mila."

Milembe aliuona mtego wote kwa mara moja. Ng'ombe wakitoka, mtoto ni wa Mayala. Ng'ombe wasipotoka, mtoto ni wa Mboje. Huku babu, huku mjomba. Alikuwa amepigana kwa kucha na meno ili ang'oe mlango, na nyuma ya mlango pakawa na ukuta.

Ndipo Mayala aliponyanyuka kwenye kiti chake.

Hakupiga kelele. Mayala hakuwa mtu wa kupiga kelele anapohitaji kitu. Alimsogelea Milembe akasema kwa sauti ya chini, sauti aliyoitumia anapotaka kununua pamba safi ya wakulima.

"Mkamwana. Binti yangu. Nimekosa."

Sebule nzima ikatega masikio.

"Nimekosa kwako, nimekosa kwa marehemu. Tamaa ya ng'ombe ni ugonjwa wetu sisi Wasukuma, unajua. Lakini tazama anayekuja kumchukua mwanao. Tazama mikono yake. Utampa huyo Elia?"

"Sitampa."

"Basi futa."

"Nini?"

"Futa hicho kilichomo humo. Mboje hana mdomo bila picha hiyo. Picha ikifutika, ng'ombe walitoka, mtoto ni wangu. Na akiwa wangu, nakuapia, atalala kwenye nyumba yako ya uani, kitandani kwako, hadi aote ndevu. Hakuna atakayewagusa."

"Usimsikilize!" Mboje alipiga hatua. "Milembe, ukifuta hiyo picha huna kwenu! Nakwambia mbele ya wazee. Usije Migato hata kwa msiba wa baba!"

"Apa, baba," Milembe alimwambia Mayala, bila kumtazama kaka yake.

"Nimeshaapa."

"Apa nje."

Mayala hakusita. Alitoka uani, wote wakamfuata, jua la mchana likiwapiga utosini. Alipiga magoti mbele ya kaburi la Kija, mzee mwenye maghala, suruali nyeupe juu ya mchanga mwekundu. Aliweka kiganja juu ya saruji.

"Kija mwanangu, nisikie. Mke wako na mtoto wako hawatatoka katika boma hili. Nikisema uongo, nifuate ulipo."

Hata Monika alijishika kifua. Hakuna Msukuma anayeapa uongo juu ya kaburi la mwanawe. Hakuna! Milembe alilijua hilo tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Alirudi ndani.

Alipiga magoti mbele ya mashine. Alijua pa kwenda, Kija alimfundisha: huku unaangalia, huku unahifadhi, na huku, mke wangu, usiguse kamwe. Akafungua pale pasipoguswa.

"Naweza kufuta jioni ile peke yake," alisema.

"Yote," Mayala alisema nyuma yake.

"Baba?"

"Vijana wa siku hizi wanafukua kilichofutwa nusu. Futa zizi lote. Safisha diski iwe kama siku ilipotoka dukani."

Milembe aliondoa kidole.

"Baba, humu yumo Kija."

"Kija yuko uani."

"Yumo anarudi nyumbani. Kila siku yumo. Elia hatamkumbuka sura, baba, alikuwa mdogo mno. Nilitaka akikua nimwoneshe."

"Mume wako yuko chini ya saruji," Mayala alisema, na upole ulikuwa umeanza kumwisha. "Mtoto wako yuko juu ya mgongo wako. Huwezi kuwabeba wote wawili. Chagua upesi, kaka yako anavaa kofia."

Kioo kilimwuliza kama ana uhakika.

Milembe alifumba macho. Alimwona Kija na mkate wake. Akamwona na tope lake. Akamwona akiinua uso, anakonyeza.

Akabonyeza.

Mashine ilinguruma kidogo ndani kwa ndani, kama ng'ombe anayelala. Mstari wa buluu ulitambaa kutoka kushoto kwenda kulia, na kila ulipotambaa mume wake alikuwa akifa tena, asubuhi baada ya asubuhi, mkate baada ya mkate. Kisha kioo kikawa cheusi. Kikaandika kwamba hakuna kilichorekodiwa.



Mayala alivuta kiti, akaketi. Akapandisha mguu juu ya mguu. Akachukua kipande cha nyama, akakitazama pande zote mbili, akakirudisha kwenye sahani.

"Mzee Erasmus," alisema.

"Naam."

"Leo humu ndani tumeona nini?"

Milembe aligeuka.

Katekista mstaafu alijipangusa vidole. Alitazama sahani. Alitazama jikoni, ambako mguu wa nyuma wa mbuzi ulikuwa ukimwita kwa harufu yake. "Mimi... mimi macho yangu, Mayala. Unajua nina mtoto wa jicho. Nimeona vivuli vivuli."

"Vivuli vya nini?"

"Vya ng'ombe wakitoka."

"Wakirudi hukuona?"

"Kurudi... kurudi sikuona."

"Mzee Erasmus!" Milembe alipiga ukelele. "Umeangusha mfupa! Umetamka kwa mdomo wako mahari haikukaa!"

"Mayu, mama yangu, uzee unatamka mengi."

Mayala aliwageukia wale wazee wengine. Mmoja alikuwa amesinzia ghafla. Mwingine alikuwa akifunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

"Monika?"

"Mimi nilikuwa jikoni," alisema Monika.

"Mboje, shemeji yetu mpendwa. Wewe umeona nini?"

Hapo Milembe alimtazama kaka yake. Walinyonya titi moja. Mboje alitazama chini, akaigeuza kofia ya pikipiki mikononi mwake, mara moja, mara ya pili. Kusema kweli ni kusema na pikipiki ilikotoka.

"Mimi nilipita kusalimia tu," alisema. "Ng'ombe wa dada yangu wako Lalago, wazima. Mwadila, wazee, kwaherini."

Akatoka. Pikipiki nyekundu ikaunguruma nje, ikaondoka, haikugeuka.

"Na kiapo?" Milembe aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sasa, sauti ya mtu anayeuliza njia katika mji asioujua. "Baba, umeapa juu ya kaburi la mwanao. Sasa hivi. Goti lako lina mchanga."

Mayala alitazama goti lake. Akaupangusa mchanga kwa ncha za vidole.

"Kiapo gani? Wazee, kuna aliyesikia kiapo?"

Aliyesinzia alikoroma.

"Wafu hawana kamera," Mayala alimwambia mkamwana wake. "Nilimzaa mimi, ananisamehe. Sasa toka. Kitenge ulichovaa ni chako, nenda nacho. Mtoto abaki."

Milembe hakukumbuka vizuri kilichofuata. Alikumbuka kucha za Monika zikimfungua vidole, kimoja kimoja, kutoka kwenye mkono wa Elia. Alikumbuka Elia akisema, "Mama, unanivuta," kisha akisema, "Mama, mbona huvuti?" Alikumbuka geti likigonga nyuma yake, na komeo.

Alisimama barabarani. Mbele yake mashamba ya pamba, meupe hadi mwisho wa macho, wavunaji wameinama wamejifunga mifuko viunoni. Nyuma yake mtoto analia. Kulia hakuna kwao, kushoto hakuna kwake.

Mwanamke mwingine angekaa chini.

Milembe aliweka kiganja mdomoni, akajaza kifua, akapiga mwano.

Mwano! Si yowe la msiba, si kilio cha mke aliyepigwa. Ni lile yowe la kuvunjavunja kwa kiganja ambalo watu wa huku hulipiga kwa jambo moja tu: mwizi wa ng'ombe yuko hapa. Aliyesikia akakaa, kesho kijiji kizima hakimpi hata moto. Ndiyo maana mifuko ya pamba ilianguka shambani. Wavunaji waliinuka, wakalipokea yowe, wakalirusha mbele. Likaruka kituo cha kupimia pamba, likaruka kilabu cha pombe, likaruka hadi ng'ambo ya mto. Kutoka kila upande wanaume walikuja mbio, fimbo mkononi, mapanga, mkuki mmoja wa zamani.

Barabara ilijaa. Vumbi lilipotua, katikati alikuwa amesimama Marcelo, kamanda wa sungusungu, kifua wazi, filimbi shingoni.

"Nani kapiga?"

"Mimi."

Watu walinung'unika. Mjane? Kamanda alimsogelea, akakitazama kitenge cheusi, akamtazama machoni.

"Umeibiwa?"

"Nimeibiwa ng'ombe. Kundi zima. Ng'ombe wa mahari yangu. Wako ndani ya boma hili, na aliyewaiba anaitwa Mayala."

 Kisha komeo likalia, na geti likafunguka wazi, mbawa zote mbili, na Mayala mwenyewe akatokea amembeba Elia begani. Alikuwa akitabasamu.

"Karibuni, vijana wangu! Zizi lile pale. Ingieni mhesabu."

Wote walitazama. Nyuma ya ua wa minyaa, nzagamba mweusi mwenye pembe iliyopinda alikuwa akicheua.

"Yule pale!" Milembe alinyoosha kidole. "Yule alitoka kwenda kwetu, akarudishwa kwa siri!"

"Ng'ombe wa Mayala yuko kwa Mayala," Mayala alisema kwa huzuni ya kuigiza. "Baada ya mahari nilimnunua tena, nampenda. Kuna kosa? Mwulizeni huyu binti nani alimwona akirudishwa kwa siri. Mwulizeni anaye shahidi gani. Ndani mna mashine ya kurekodi, Marcelo, unaijua, haisahau kitu. Ingia ukaiwashe mwenyewe."

Cheko lilianza nyuma ya kundi, likatembea hadi mbele. 

Marcelo hakucheka. Alikuwa akimtazama Milembe kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuvusha mifugo. Nyuma yake duara la wanaume lilikuwa limefunga, bega kwa bega, na wale wa mbele walikuwa tayari wamebadilisha mshiko wa fimbo.

"Mayu," kamanda alisema. "Watu wameacha pamba shambani. Anayepiga mwano pasipo mwizi anachukua nafasi ya mwizi, hiyo unaijua tangu utoto. Tuoneshe mwizi. La sivyo, fimbo hizi hazirudi nyumbani na njaa."